Herufi Moja ya Swali la Kumi na Nne

Bunda,
Jumapili, tarehe 8 Septemba 2024.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu za mwanao, na Baba umpe za kwake peke yake, asije akasema nimemchanganya kwenye fungu lako. Naamini goti lake limetulia sasa kiangazi kimekaza, mihogo imekauka vizuri, na yule mbuzi mweusi hajarudi tena kwenye bustani ya kanisa. Mimi huku ni mzima, nakula, nalala, nafundisha. Kikohozi ulichokisikia kwenye simu kilikuwa cha vumbi la chaki tu, kwa hiyo ile mizizi uliyotaka kunitumia mpe mtu mwenye ugonjwa.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mama, usikasirike, lakini wewe simu unaiwekaga laudispika. Mara ya mwisho nilikuwa naongea na wewe, akajibu Baba, akajibu shangazi, halafu mtu nisiyemfahamu akaniuliza mahindi huku Bunda gunia ni bei gani. Neno nililonalo leo nataka likufikie wewe kwanza. Ndiyo maana nimempa katekista Clementi, anayekuja Suguti kwa semina. Usimwache aondoke bila kula, na akijitolea kukusomea umwambie miwani yako bado inaona.

Ngoja nianze mwanzo, maana mara ya kwanza nilikusimulia kwa mkato, na mkato huo una kasoro nitakayoifikia.

Unakumbuka mwezi wa saba nilikuambia nimechaguliwa kutunga mtihani wa baiolojia wa ujirani mwema, ule unaofanywa na kidato cha nne wa shule saba za Musoma, Bunda na Butiama. Ukaniuliza mtihani wenyewe unahusu nini, nikasema mambo mengi, lakini hasa vinasaba, na hapo mtandao ukakatika. Kumbe huko nyumbani mlisikia "vinasaba" peke yake. Siku mbili nzima Suguti ilijua kwamba Stanslaus amepelekwa kupimwa vinasaba. Baba akazima redio. Wewe ukanipigia, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe ukazungumza kwa sauti ya chini, ukaniuliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Narudia kwa maandishi ili ubaki na ushahidi: hakuna mtoto.

Vinasaba ni hivi, Mama. Ndani ya kila kilicho hai, kuanzia mhogo mpaka wewe, kuna maandishi marefu ya herufi nne tu, A, T, G na C, nayo husomwa tatu tatu. Darasani huwa naandika ubaoni sentensi moja: HUU MTO UNA KAA. Kila neno lina herufi tatu. Ukiitoa ile O ukaweka I, unapata HUU MTI UNA KAA. Inasomeka bado, ila kaa wamepanda mti. Hilo ni badiliko la herufi moja kuchukua nafasi ya nyingine. Sasa rudisha sentensi ilivyokuwa, uidondoshe M, halafu uendelee kusoma tatu tatu. Unapata HUU TOU NAK AA, na hapo hata mlevi hakuelewi. Huko ni kudondoka. Ikichomekwa herufi isiyokuwepo, nayo inazisukuma zote za mbele yake, na huko ni kuongezeka. Kazi ya mwanafunzi ni kuweka mstari mzima juu, mstari ulioharibika chini, alinganishe, aseme kimetokea nini. Ni kazi ya macho na subira, kama wewe unapochambua dagaa wa mchanga.

Basi swali langu la kumi na nne lilikuwa hilo. Mstari wa juu ATG CCA GAT TTC, herufi kumi na mbili. Mstari wa chini ATG CAG ATT TC, herufi kumi na moja, maana C moja nimeidondosha kwa makusudi. Taja aina ya badiliko, alama mbili. Niliuandika mtihani wote kwa mkono, nikaupeleka Musoma kwenye steshenari moja pale Mukendo, kwa dada anayeitwa Pelagia, ambaye shule zetu zimekuwa zikimpa kazi ya kuchapa miaka minne bila lawama. Akachapa, wajumbe watano wa kamati wakatia saini nakala ya kwanza, watahiniwa mia nne na kumi na wawili wakafanya mtihani, na walimu tukakutana hapa Bunda kusahihisha.

Mama, ungekuja kutuona ungetuonea fahari. Ukumbi mmoja, walimu ishirini, kila mmoja na kalamu nyekundu na swali lake. Mimi nilipewa la kumi na nne, kwa kuwa ndimi mtunzi. Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Yusto wa Musoma, mtu mkubwa wa umbo na wa sauti, na imani yake yote ameiweka kwenye mwongozo wa kusahihishia. Ukimuuliza lolote anajibu, mwongozo ni mwongozo. Mwongozo ulisema kudondoka, kwa hiyo aliyeandika kudondoka nikampa alama mbili, mwingine sifuri. Karibu wote walikuwa wameandika kudondoka. Nikajisifu moyoni kwamba sasa Mara inasoma baiolojia.

Katikati ya fungu la Butiama nikakuta karatasi ya binti anayeitwa Bhoke. Huyu hakutaja aina yoyote. Aliandika kwamba hakuna badiliko, mistari miwili ni sawasawa, amehesabu mara nne, na kama amekosea anaomba aoneshwe ilipo tofauti. Nikampa sifuri. Na kwa kuwa nilikuwa na wino wa kutosha, nikamwandikia pembeni: "Soma swali kwa makini."

Matokeo yakajumlishwa. Wa kwanza akawa Gabriel, mwanafunzi wangu mwenyewe, alama tisini na nne. Wa pili Bhoke, tisini na tatu. Na wa kwanza, Mama, alikuwa ameahidiwa safari ya kwenda Mwanza kukaa wiki nzima kwenye maabara ambako wanasoma hayo maandishi ya herufi nne kwa mashine, yeye pamoja na mwalimu wake. Maana yake Gabriel na mimi. Nilishamwambia fundi anipunguzie suruali.

Ndipo akasimama Mwalimu Yunis, anayemfundisha Bhoke huko Butiama. Ni mwanamke mfupi asiyepandisha sauti, na hilo ndilo linalotisha. Alisema anamkatia Bhoke rufaa kwa swali la kumi na nne. Mwalimu Yusto akamjibu kwamba mwongozo ni mwongozo. Yunis akasema sawa, mwongozo ni mwongozo, lakini je, kuna yeyote humu ndani ambaye amelisoma swali? Ikabidi itafutwe karatasi ya mtihani. Amini usiamini, kati ya walimu ishirini tuliokuwa tukisahihisha siku tatu hakuna aliyekuwa nayo mezani. Ilipatikana moja, imefungiwa maandazi.

Tukaikunjua. Mstari wa juu: ATG CCA GAT TTC. Mstari wa chini: ATG CCA GAT TTC.

Hapo, Mama, niliona elimu inavyoweza kumsumbua mtu. Mwalimu mmoja wa Musoma alisema yeye tofauti anaiona, ila ni ndogo. Mwingine akashauri tuigeuze karatasi juu chini. Mwalimu Silasi, anayestaafu mwakani, akasema huenda ni badiliko lililojificha, ambalo sayansi ya sasa inalo ila bado halijafika kwenye silabasi yetu. Yunis akawauliza kwa upole, kama ni kudondoka, wamwoneshe herufi iliyodondoka. Watoto mia tatu na tisini waliona kitu kikidondoka mahali ambapo hakikudondoka kitu. Mwalimu Yusto alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniuliza mimi mtunzi niliandika nini.

Nikatoa daftari langu. Daftari lilikuwa sahihi: kumi na mbili juu, kumi na moja chini. Ukumbi mzima ukapumua. Ikaonekana wazi kwamba mchapaji ameongeza C kwa kichwa chake. Mwalimu Yusto alikasirika sana. Alisema huyo dada ametuaibisha wilaya tatu, kazi ya shule zetu asipewe tena, aandikiwe barua, na barua apeleke mtunzi. Kuhusu Bhoke, wakasema suala lake litaamuliwa siku ya zawadi, maana swali likifutwa mahesabu yote yanarudiwa na watu wamechoka.

Jioni ile ndipo uliponipigia, nikakueleza kwamba mchapaji wa Mukendo ameniharibia mtihani. Laudispika ikafanya kazi yake. Wiki iliyofuata ukaniambia, tena kwa furaha, kwamba umegundua Pelagia ni mtoto wa ndugu yake Mama Recho wa jumuiya yenu, kwamba umewaeleza akina mama wote baada ya sala, na kwamba ungo wa Mama Recho uliokuja na dagaa umeurudisha mtupu. Mama, ungo mtupu! Mtu uliyeimba naye kwaya miaka ishirini! Niliposikia hivyo nikasema mtandao unasumbua.

Nikaenda Mukendo na barua ya kamati mfukoni. Pelagia alinikaribisha kiti, akamtuma mtu akaninunulie soda, akaisoma barua yote akiwa amesimama. Alipomaliza alichukua penseli, akanionesha makosa mawili ya tahajia, akaniuliza kama ninapenda ayarekebishe kabla haijawekwa kwenye faili. Kisha akaniambia kitu kimoja tu anachotaka kufahamu: hilo badiliko lenyewe ni nini? Basi nikamwelezea, kama nilivyokuelezea wewe. Akaandika kwenye kompyuta HUU MTO UNA KAA, akaifuta M, akausukuma mstari mwenyewe, akasoma alichopata, akacheka mpaka akakaa.

Halafu akasema, "Kumbe mlikuwa mnataka ibaki imeharibika! Mwalimu, si ungesema? Mimi kazi yangu ni kuona kilichopungua nikakirudisha. Nilihesabu, nikaona juu kumi na mbili, chini kumi na moja."

Nikamwambia pole. Akaniambia pole ya nini, kisha akavuta droo, akatoa daftari la kurasa nyingi lenye jalada la kaki. Ndani yake anaandikaga kila jambo alilomuuliza mteja kabla ya kubadili, siku, saa, na jibu alilopewa. Akafungua ukurasa, akaugeuzia upande wangu, akaenda kumhudumia mtu wa fotokopi.

Mama, hapa ndipo penye ile kasoro. Nakuandikia kama ulivyoandikwa ukurasa ule, maana nimeusoma mara nyingi kuliko sala: "Alhamisi, saa kumi kasoro dakika tano. Swali la 14, mstari wa chini umepungua C. Nimempigia Mwl. Stanslaus. Nimemuuliza niirudishe? Amesema, dada, wewe chapa tu, penye kosa rekebisha. Nyuma yake watu wanacheka."

Alinipigia, Mama. Aliniuliza. Na si kwamba nilikuwa nimesahau. Pale ukumbini, karatasi ya maandazi ilipokunjuliwa, nilikumbuka papo hapo, neno kwa neno. Nilikuwa ofisini kwa walimu nimezungukwa na wenzangu, nawasimulia jinsi nilivyochaguliwa peke yangu kati ya walimu wa wilaya tatu, nawaigizia namna Mwalimu Yusto alivyonipa mkono. Simu ikalia katikati ya hadithi, pale patamu. Sikutaka utamu uniponyoke. Nikasema penye kosa rekebisha ili anyamaze, nikarudi kwenye sifa zangu. Kwa hiyo aliyeirudisha ile C ni mimi. Na Mwalimu Yusto aliponiuliza niliandika nini, nilijibu alichouliza, sikusema alichohitaji kujua. Nikamwacha mwanamke mwaminifu apoteze kazi, nikamwacha mtoto wa watu apoteze safari, nikakuacha wewe urudishe ungo mtupu.

Pelagia aliporudi sikuwa na uso. Nikamuuliza kwa nini hakulipeleka daftari kwa kamati. Akasema hakuna aliyemuuliza, na yeye hana tabia ya kufuata watu na madaftari. Akaniambia nimalizie soda, inapata joto.

Siku ya zawadi ilikuwa Ijumaa ya tarehe thelathini, kule Butiama. Wazazi wamejaa, wanakwaya wamevaa sare, meza ina kitambaa. Kabla majina hayajaitwa nikaomba dakika mbili. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya utangulizi, yote yakayeyuka. Nikasema tu kwamba swali la kumi na nne liliharibiwa na mimi, mchapaji aliniuliza kwa simu nikamjibu ovyo kwa sababu nilikuwa najisifu, kisha nikanyamaza alipolaumiwa. Na kwamba binti niliyempa sifuri na kumwambia asome kwa makini ndiye pekee aliyesoma kwa makini.

Nikategemea wanipige mawe. Badala yake Mwalimu Yusto alikohoa, akasimama taratibu, akasema yeye ile nakala ya kwanza alitia saini bila miwani. Mwalimu Silasi akasema yeye alitia saini kwa sababu aliona saini ya Mwalimu Yusto. Wa tatu akasema yeye aliona mbili. Wa nne alikuwa hajui kama alitia saini, ikabidi aoneshwe, akakubali mwandiko ni wake. Wa tano alitoka kwenda kupokea simu ambayo hakuna aliyeisikia ikilia. Wazazi walicheka mpaka kwaya ikaombwa iimbe ili watulie.

Bhoke akapewa alama zake mbili, zikawa tisini na tano, na wengine wote walioandika kudondoka wakapokonywa zao. Alipoitwa kushukuru alikuja mbele, mdogo kuliko nilivyomdhania, akamshukuru Mungu, wazazi na Mwalimu Yunis, na kwa adabu sana akaongeza kwamba hata moyo uliochorwa swali la ishirini na saba umepungukiwa vali moja, kama walimu watapata nafasi. Mchoro ule ni wangu. Vali haipo.

Lakini kilichonichoma hasa ni Gabriel. Nilimfuata nimpe pole, maana Mwanza imempita. Akaniambia haina shida. Kisha akasema, akiangalia viatu vyake, "Mwalimu, na mimi niliona zinafanana. Ila wewe swali hilo ukilitoaga, jibu ni kudondoka. Nikaona nikiandika ninachokiona nitakosa." Mama, nimefundisha miaka tisa. Jumatatu niliingia darasani bila mwongozo, nikaandika mistari miwili ubaoni, nikawaambia sijui jibu, tuitazame wote.

Bhoke na Mwalimu Yunis wamerudi kutoka Mwanza juzi, wazima. Kazi Pelagia amerudishiwa kwa barua nyingine, isiyo na makosa ya tahajia kwa sababu aliichapa mwenyewe. Kamati pia imeamua kwamba mtihani wowote hautatolewa mpaka yeye ameusoma na mtunzi amejibu maswali yake yote kwa maandishi, kwa simu hapana. Wiki hii nilimpelekea mtihani wa kidato cha tatu. Umerudi jana na maswali kumi na moja, kwa penseli, kila moja na namba yake. Kumi yanahusu mtihani, nami nimeyajibu. La kumi na moja ameliandika chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Mwalimu, mama yako umeshamwambia?"

Nimelitazama tangu jana. Leo baada ya misa nikatafuta karatasi.

Basi Mama, nakuomba radhi kwa kukufanya umkosee kwa mdomo wako mtu asiye na kosa. Jumamosi nakuja. Kwa Mama Recho tutakwenda wote, na atakayesema ni mimi, wewe utakaa tu. Wasalimie shangazi na majirani wote, hasa yule wa mahindi, mwambie bei imepanda kidogo. Baba mwambie namletea dawa ya kuchua goti. Mungu awatunze hadi tutakapoonana.

Ni mimi mwanao nikupendaye,

Stanslaus.